Maharaj Wawili

Kule Narmada, juu ya ngazi za mawe
ambako wafuaji hupigapiga nguo tangu alfajiri,
palikuwa na ua mmoja na wafalme wawili.
Mmoja alikuwa baba yangu.

Maha ni kuu, raj ni mfalme:
hayo niliyajua kabla sijaweza kuhesabu hadi ishirini.
Mahujaji waliingia na vumbi la barabara ya Khandwa,
wakavua viatu, wakaita, "Maharaj!"
na baba, mikono imezama ungani,
akawajibu bila kugeuka:
"Bado kidogo."

Darasa la pili, Mwalimu Pushpalata aligawa karatasi.
Jina la baba. Kazi ya baba.
Nikaandika Bhagirath Dubey. Nikaandika mfalme.
Darasa lilicheka hadi kunguru wakaruka batini.
"Mpishi, mtoto wewe," akakata kwa wino mwekundu,
"mpishi wa Kibrahmani huitwa hivyo. Ni heshima tu."
Nikarudi nyumbani na lile "tu"
kama punje ya mchanga katika wali.

Maharaj wa pili alikaa chumba cha mwisho,
mlango hauna komeo.
Nguo mbili za rangi ya chungu kipya,
moja mwilini, moja kambani.
Chombo cha maji. Fimbo. Miwani iliyofungwa uzi.
Mabasi yalishusha watu kutoka Indore,
mawakili, wauza saruji, bi harusi mwenye hina mbichi,
wakainama kuigusa miguu yake yenye nyufa,
wakamwita Mfalme Mkuu.
Nikaihesabu mali yake kwa vidole; vidole vikabaki.

Nilikuwa na miaka minane, haya sina.
"Wewe ni mfalme wa nini?"
Alikuwa akimsaidia baba kuchambua dengu.
Akatupa kijiwe.
"Wanasema wa humu," akagusa kifua.
"Aliyezitawala njaa zake na hasira zake, huyo ana enzi.
Ndivyo wanavyosema."
Akatupa kijiwe kingine.
"Lakini mtu akiita Maharaj hapo uani,
mimi hugeuka. Miaka arobaini naikataza shingo,
na shingo inageuka.
Mtazame baba yako."

Nikamtazama.
Alikuwa juu ya sufuria ya maziwa,
mwiko umenizidi kimo.
Langoni mtu aliita, akaita tena,
kwa sauti ya mtu anayedai.
Jasho lilining'inia puani mwa baba.
Mwiko ulikwenda, ukarudi.
Angegeuka, maziwa yangeungua; basi.
Mimi sikuona enzi yoyote.
Niliona mtu mwenye kazi.

Mwaka ule mto ulipopanda hadi ngazi ya kumi na tisa,
yule mzee alikufa ameketi,
wakamzika ameketi, chumvi hadi shingoni,
kama wanavyozikwa walioukana ulimwengu wangali hai.
Siku ya kumi na sita ikawa karamu:
watawa mia mbili juu ya majamvi,
sahani za majani yaliyoshonwa kwa vijiti,
maharagwe, biringani, wali wa maziwa wenye iliki.
Baba alianza kupika saa nane usiku.
Hakulia, au moshi ulimsitiri.

Kisha mtoto wa mgeni fulani, mwenye kiu,
akasimama katikati ya ua, akaita:
"Maharaj!"

Na baba akageuka.

Si kwa mtoto. Aligeukia chumba cha mwisho,
kuona kama yule mwingine amegeuka.
Shingo ikakaa hivyo hivyo.
Mwiko ukasimama.
Nami niliyekuwa karibu, msichana sasa, najisuka mwenyewe,
niliisikia harufu kabla yake,
nikanyamaza.

Tukapakua. Wali ulikuwa na moshi ndani,
uchungu wa kung'ang'ania kaakaa.
Watawa mia mbili wakala.
Mmoja akasogeza jani lake, akaomba tena.

Baba alibaki akiikwangua sufuria hadi magharibi,
na kila aliyepita akamwita kwa jina lile,
naye, mgongo kwao, mchanga na jivu viganjani,
akajibu:
"Bado kidogo."